Mbofyo usio na kidole: mnunuzi wa matangazo ashike mizani yake

WAFANYABIASHARA wadogo wanaolipia matangazo ya intaneti kwa hesabu ya mibofyo wananunua bidhaa ambayo hawajawahi kuiona kwa macho, na ambayo mtu mwenye ujuzi wa wastani wa kompyuta anaweza kuitengeneza kwa mistari mitatu ya programu. Bei ya bidhaa hiyo hupanda na kushuka kila siku. Anayeipima ni muuzaji.

Utaratibu wenyewe si wa ajabu. Kipanya cha kompyuta kinapobonyezwa, kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti, huandika tukio: kitu gani kimeguswa, sehemu gani ya kioo, wakati gani. Lugha ya JavaScript, iliyotangazwa na kampuni ya Netscape mwaka 1995, huuwezesha ukurasa kusubiri tukio hilo na kutenda: kufungua picha, kuingiza bidhaa kikapuni, au kuongeza moja kwenye hesabu ya tangazo. Novemba 2000 shirika la W3C, linalopanga kanuni za kurasa hizo, lilipitisha kanuni iliyoeleza pia jinsi programu inavyoweza kutunga tukio la kipanya yenyewe na kulituma kwenye kitufe chochote. Tangu wakati huo kitufe hubofywa bila kidole cha mtu.

Haikuwa njama. Kampuni inayotaka kufungua duka lake kwenye intaneti haiwezi kuajiri watu mia wakae usiku kucha wakibonyeza neno "Nunua" ili kuona kama mashine itahimili. Programu hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na mafundi wote wa kurasa huitumia. Tatizo lilianza pale mbofyo ulipogeuka kuwa fedha. Kampuni ya GoTo.com ya Marekani ilianza kuuza nafasi za matangazo kwa malipo ya kila mbofyo mwaka 1998, na Google ikaufuata mtindo huo mwaka 2002. Chombo cha fundi kikawa, bila kubadilishwa hata herufi moja, mashine ya kuchapa noti.

Wapo wanaosema kwamba vivinjari vya leo vimekwisha kuliziba pengo hilo. Ni kweli kwa kiasi fulani. Kila tukio hubeba alama iitwayo isTrusted, inayosema ndiyo ikiwa tukio limetokana na kipanya halisi, na hapana ikiwa limetungwa na programu ya ukurasa. Kivinjari hukataa kufungua dirisha jipya au kuchukua kioo kizima kwa amri ya tukio la kutungwa tu. Lakini kiungo cha kawaida kikipelekewa mbofyo wa kutungwa, kivinjari hukifuata bila kuuliza. Aidha, iko njia nyingine, nayo ni halali: kukiendesha kivinjari kutoka nje kwa programu za majaribio. Hapo mbofyo hupita mlango uleule unaopitwa na kipanya, na alama husema ndiyo.

Zaidi ya hayo, alama hiyo hutolewa na kivinjari. Kivinjari chenyewe kikiwa cha bandia, alama yake ina thamani gani? Ni sawa na kumpa mgeni muhuri wa forodha na kumwomba agonge mwenyewe mizigo yake.

Ndivyo ilivyotokea katika mpango ulioitwa Methbot, uliofichuliwa Desemba 2016 na kampuni ya usalama ya White Ops. Kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, wahusika walikodi zaidi ya seva 1,900 katika vituo vya kompyuta, vikiwamo vya Dallas, na kuzipanga zijifanye watu. Seva zilifungua kurasa kwa kivinjari cha bandia, zikasogeza kipanya cha bandia, zikashuka chini ya ukurasa na kuanzisha video kisha kuisimamisha katikati, kama afanyavyo mtu aliyechoka. Kurasa zaidi ya 5,000 za wachapishaji wenye majina ziliigwa. Wenye matangazo walilipa zaidi ya dola milioni 7 za Marekani kwa matangazo ambayo hayakuonwa na mtu yeyote. Aleksandr Zhukov, raia wa Urusi aliyeongoza mpango huo, alitiwa hatiani mjini New York Mei 2021, na Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Miongoni mwa walioumizwa walikuwa New York Times, Comcast na Nestle Purina, kampuni zenye idara nzima za matangazo na wanasheria wa kutosha. Muuza vitenge mwenye bajeti ya shilingi 100,000 kwa mwezi hana idara. Akilipa shilingi 100 kwa mbofyo, anapewa mibofyo 1,000 na karatasi ya takwimu. Ikiwa 300 ni ya mashine, karatasi haitabadilika sura.

Wauzaji wakubwa wa matangazo hujitetea kwamba huchuja mibofyo ya bandia na kurudisha fedha, na ni haki kusema kuwa hufanya hivyo. Lakini kinachochujwa, na kwa kipimo gani, hujulikana na mwenye chujio. Mwaka 2006 Google ilikubali kumaliza kesi ya wenye matangazo huko Arkansas kwa kiasi kisichozidi dola milioni 90, sehemu kubwa ikiwa nafuu ya matangazo mengine na si fedha taslimu. Mizani ya duka nchini Tanzania hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kaunta ya mibofyo imo ndani ya kompyuta za muuzaji mwenyewe.

Mnunuzi mdogo afanyeje? Kususia intaneti si jibu, maana wateja wamo humo. Jibu ni kukataa mbofyo kama kipimo cha mwisho. Daftari la duka ndilo lilinganishwe na karatasi ya takwimu: simu zilizopigwa, oda zilizolipiwa, wateja waliotaja tangazo. Wiki ambayo mibofyo imepanda maradufu na daftari halikutikisika, malipo yasimamishwe kwanza, maswali yafuate. Pale inapowezekana kulipa kwa oda badala ya mbofyo, bei ikubaliwe hata ikiwa juu zaidi, kwa sababu programu haiwezi kutoa fedha mfukoni mwake kununua kitenge. Na anayejitokeza kuuza maelfu ya mibofyo kwa bei ya soda aulizwe vidole hivyo ni vya nani.

Kwa mwekezaji mdogo mwenye hisa za kampuni zinazoishi kwa matangazo, jambo hili haliko mbali. Alphabet, kampuni mama ya Google, hueleza katika taarifa zake mabadiliko ya idadi ya mibofyo iliyolipiwa na ya bei ya kila mbofyo. Tarakimu hizo zisomwe kwa pamoja. Idadi ikipanda huku bei ikiteremka, huenda ni soko jipya linafunguka, na huenda pia ni wanunuzi wanaoanza kutilia shaka ubora wa wanachouziwa. Taarifa peke yake haitenganishi hayo mawili.