Kiswahili cha Gereji Kisikike Darasani

Waswahili husema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Methali hii tumezoea kuifafanua darasani kwa mfano wa makasia na tanga, nasi tukaishia hapo. Leo naomba tuifafanue kwa gari dogo lililoegeshwa mtaani Jamhuri, karibu na Barabara ya Ngong, boneti ikiwa wazi na watu wanne wakibishana juu ya injini yake.

Yeyote aliyepita huko siku ya Jumapili anaujua mjadala huo. Mmoja huisifu Toyota Vitz, wa pili Mazda Demio, wa tatu hatambui jingine ila Honda Fit. Je, ni afadhali injini ya elfu moja au ya elfu moja na mia tatu? Fundi huwakumbusha kwamba hesabu ya sentimita za ujazo peke yake haitoshi. Vitz ya kwanza ya elfu moja, iliyotoka mwaka 1999, ilikuwa na silinda nne. Ile iliyofuata mwaka 2005 ikawa na silinda tatu. Silinda tatu hubana mafuta katika msongamano wa mjini, lakini injini hutetema zaidi, na gari likipakia watu watano kuupanda mlima wa kutoka Mai Mahiu, hulemewa. Kisha huwaeleza giaboksi ya CVT, ambayo badala ya magurudumu ya meno hutumia mkanda wa chuma baina ya puli mbili zinazopanuka na kujibana, na jinsi inavyoharibika ikitiwa mafuta yasiyo yake. Moshi wa buluu, husema, ni injini inayokula oili. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe usiokoma huenda ni maji yanayopenya kwenye silinda.

Haya yote husemwa kwa Kiswahili, wala hapana anayekwama akatafuta kamusi. Ajabu ni kwamba maarifa yanayosemwa kwa Kiswahili namna hii hayaandikwi kwa Kiswahili. Pengo hilo si la kinadharia tu, kwa maana linawagharimu watu fedha.

Mjomba wangu ni mfano. Alinunua gari dogo lililokwisha kutumika, kwa akiba ya miaka mingi. Akakabidhiwa ripoti ya ukaguzi pamoja na mkataba, vyote kwa Kiingereza, naye akatia sahihi. Wiki chache baadaye gari likakataa kuingia gia. Nilipoisoma ile ripoti, nilikuta imeandikwa waziwazi kwamba mafuta ya giaboksi yalikuwa yameungua. Mjomba hakudanganywa. Aliambiwa ukweli kwa lugha asiyoielewa. Fundi wa Jamhuri angalimweleza jambo lilo hilo kwa sentensi moja, na akiba yake ingalisalimika.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili azifaidi bidhaa hizo kikamilifu. Tukivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, twapata swali linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko mwingine yeyote: habari isiyoeleweka ni habari gani?

Najua baadhi ya walimu wetu watasema kwamba lugha ya gereji ni mseto wa Sheng na maneno ya mkopo, haifai kuingia katika maandishi sanifu. Kwa heshima zote, naipinga hoja hiyo. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Nauli na shehena ni maneno ya bandarini yaliyopanda barabarani pamoja na abiria wake. Hayakuundwa na kamati. Yalichukuliwa kwa mabaharia, watu wa kazi, kama walivyo mafundi wa leo. Na tazama jinsi maneno ya mkopo yalivyopewa uraia: injini hula, hunywa, huchemka, hukohoa na hatimaye hufa. Jina limetoka ugenini, lakini fikra ni zetu. Asiyeuona ubunifu wa lugha hapo, sijui atauona katika shairi lipi.

Sisemi kwamba kila neno la gereji lipokewe bila kuchujwa. Ninalosema ni kwamba uchujaji hufuata ukusanyaji, nasi hatujakusanya. Kila mwaka twaandika tasnifu juu ya riwaya zilezile na washairi walewale, mimi nikiwemo. Chama chetu kingeweza kuwatuma wanafunzi katika gereji za Jamhuri, muhula mmoja tu, wanukuu istilahi kutoka vinywani mwa mafundi, kisha jarida hili lizichapishe ili zijadiliwe. Kutokana nazo tuandae fomu ya ukaguzi wa gari kwa Kiswahili, ya ukurasa mmoja, ambayo mnunuzi ataisoma kabla ya kutia sahihi.

Kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa. Yahitaji daftari, kalamu, na unyenyekevu wa kukubali kwamba mwenye mikono ya oili anaweza kumfundisha msomi lugha yake mwenyewe.