Ultra Si Heshima: Seti Gemu Yako Kulingana na Joto la Garissa

Nitaisema wazi halafu mnishambulie: kama uko Garissa na umeweka gemu yako yote Ultra kwa laptopu ya kawaida, hauko mbele ya mtu. Unapika laptopu tu.

Najua hii itauma watu. Hapa mtaani, kuanzia Bulla Iftin hadi Township, mtu akikuonyesha gemu yake swali la kwanza ni "umeweka ngapi?" Ukisema umeshusha unachekwa, kama vile umekiri kwamba kwenu hamna kitu. Ndiyo maana kuna wasee wanavumilia GTA V ikienda kwa kuruka ruka kama picha za harusi, mradi vivuli vya miti vionekane poa. Vivuli! Na sisi ndio watu ambao kivuli cha kweli tunakitafuta kuanzia saa nne asubuhi.

Tuongee hesabu kidogo. Skrini ya laptopu nyingi huonyesha picha mara 60 kwa sekunde. Ili kila mara ipate picha mpya, mashine ina milisekunde 16.7 ya kuchora fremu moja. Ikichelewa, unaona mgando, na kidole chako kinabonyeza kitu ambacho kwa seva kishapita. Sasa picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2. Ya 1280 kwa 720 ina kama laki tisa, chini ya nusu. Kwa hivyo ukishusha hapo tu, hata kabla hujagusa kitu kingine, umeipunguzia mashine zaidi ya nusu ya pikseli za kuchora. Hiyo si aibu, hiyo ni hesabu ya darasa la sita.

Na mashine zenyewe tunazijua. Wengi wetu tuko na zile laptopu zilizotumika ofisini Ulaya ama Dubai, EliteBook na ThinkPad, zikauzwa Luthuli ama Eastleigh, zikapanda basi zaidi ya kilomita 350 mpaka huku. Ni mashine ngumu, sizitukani. Lakini hazina kadi ya michoro ya peke yake. Zina Intel HD 520 ama UHD 620, ambayo inaomba memori kutoka kwa RAM ile ile ambayo Windows na kivinjari chako vinaigombania. Hapo ndipo siri kubwa ilipo: RAM mbili za GB 4 zilizochomekwa kwa nafasi zote mbili huisaidia gemu kuliko moja ya GB 8, kwa sababu njia ya kupitisha data inakuwa mara mbili. Laptopu nyingi za aina hiyo zina nafasi mbili, na moja hukaa tupu miaka yote. Mtu anaota kadi ya elfu hamsini na hajawahi kufungua kifuniko cha chini aangalie.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo video nyingi za ushauri zinatupoteza. Aliyerekodi yuko kwa chumba cha baridi kule Ulaya ama Marekani, nyuzi 20. Sisi mchana tunapiga 36, 37, na nyumba ya mabati haina huruma. Feni ya laptopu haitengenezi baridi, inavuta hewa ya chumba na kuipitisha. Kama hewa yenyewe ni ya moto, basi umeanza mbio ukiwa nyuma kwa nyuzi kumi na kitu. Ongeza vumbi la barabara lililojaa kwa mapezi ya feni. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Ndiyo sababu gemu yako iko fiti dakika kumi za kwanza halafu inaanza kukohoa. Wewe unalaumu intaneti, kumbe mashine inaomba maji.

Sisi ndio wenye ule mtambo wa sola wa megawati kama 50 uliozinduliwa Desemba 2019. Jua letu linatoa stima ya kuingia gridi ya taifa. Hilo hilo jua linapika laptopu yako mezani. Kwa hivyo seti kama mtu wa hapa, si kama mtu wa Stockholm.

Mimi naona mpangilio wenye akili ni huu. Kwanza zima ile ukungu ya mwendo, inayovuruga picha ukigeuza kamera. Haiongezi kitu, inaficha tu. Pili, shusha vivuli na miakisi mpaka chini, hizo ndizo hula nguvu zaidi. Tekscha, yaani michoro inayobandikwa kwa kuta na nguo, acha ya kati kama memori inatosha, kwa sababu tekscha hula memori zaidi kuliko nguvu, na ndizo hufanya picha ionekane safi. Tatu, funga idadi ya fremu. Kama unaweza kushika 60 bila kushuka, funga hapo. Kama huwezi na ni gemu ya hadithi, funga 30. Thelathini iliyotulia inapendeza macho kuliko inayoruka kutoka 28 hadi 55, na mashine inapumua. V-Sync izime kwa gemu za kushindana, inaongeza kuchelewa.

Nne, kwa mipangilio ya nguvu ya Windows, kama laptopu yako inaonyesha kiwango cha juu cha prosesa, weka asilimia 99. Hiyo inazima ile mbio ya ziada ya Intel. Utapoteza kasi kidogo mwanzoni, lakini kwa joto letu utapata gemu inayokaa sawa saa nzima. Tano, inua laptopu juu ya kitu kigumu hewa ipite chini. Si juu ya mkeka, si juu ya godoro.

Na FSR? Ni poa, na matoleo yake ya awali hayabagui kadi kama DLSS ambayo inataka RTX ya NVIDIA. Inachora picha ndogo halafu inaikuza na kuinoa. Lakini usitarajie miujiza. Ukianzia picha ndogo sana hakuna cha kunoa.

Mtu ataniambia, "Wariya, gemu ni urembo pia, watu walichora ule mji kwa miaka." Kweli kabisa. Kama una mashine ya kuubeba na chumba chako kina hewa, furahia, sina wivu. Lakini angalia wale wanaolipwa kucheza. Wachezaji wengi wakubwa wa Counter-Strike wanatumia 1280 kwa 960, na kompyuta zao zinaweza kubeba chochote. Wameshusha kwa hiari. Hakuna anayewacheka.

Kinachoniuma zaidi ni pesa. Nawaona vijana wakimpigia abti aliyeko Minneapolis waombe pesa za kompyuta kubwa, na abti mwenyewe anafanya shifti mbili na ana nyumba tatu za kulisha. Kompyuta inayovuta wati 400 kwa masaa matano inamaliza yuniti mbili za stima. Laptopu ya wati 65 kwa masaa hayo hayo haifiki hata nusu yuniti. Nani ananunua tokeni hapo nyumbani? Mama. Tuache kumtoza mama kodi ya vivuli vya miti.

Mimi niliacha chuo, na watu wanapenda kunikumbusha. Lakini joto, memori na kasi ni fizikia tu, na imekaa hapo mezani kwako bila karo. Kijana anayejua kwa nini laptopu yake inakohoa anaweza kufungua ya jirani, kusafisha feni, kubadilisha ile pasta ya prosesa iliyokauka, na kulipwa. Aliyenunua Ultra hajui chochote zaidi ya bei.

Kabla hujaomba mtu pesa ya mashine mpya, ijue kwanza uliyo nayo. Fungua mipangilio, badilisha kitu kimoja kimoja, cheza dakika ishirini saa nane mchana, si saa nne usiku, uone. Ikishika mchana wa Garissa, itashika popote.