Mvua Haiui Pikipiki

Katika kitabu cha maelekezo kinachokuja na pikipiki mpya aghalabu huwamo ukurasa mmoja ambao kwetu hakuna anayeusoma. Ukurasa huo hueleza namna ya kuihifadhi pikipiki wakati wa majira ya baridi. Mtu wa Nachingwea au Ruangwa akiufikia hucheka na kufunua mbele. Theluji ya wapi kwetu? Mimi nami nilicheka. Leo nasema bila kumung'unya maneno kwamba kicheko hicho kimetugharimu pikipiki nyingi, na zaidi ya pikipiki.

Maana sisi tuna baridi yetu, nayo ni masika. Huku Kusini mvua ni ya msimu mmoja. Huanza kushika mwezi wa Desemba na kuachia mwezi wa Aprili, mwaka mwingine Mei. Katika bonde la Mbwemkuru vijito ambavyo kiangazi ni mchanga mtupu hufura, udongo mweusi wa mbugani hunasa magurudumu, na njia za kwenda vijiji vya mbali hufungwa. Hapo pikipiki hulazwa. Yule wa Ulaya anajua kwamba ameihifadhi yake mpaka jua lirudi. Wa kwetu hudhani ameisimamisha tu, ataichukua kesho. Kesho hiyo huja mwezi wa Mei.

Wakati huo imesimama wapi? Nyuma ya ofisi, chini ya mwembe, imefunikwa nailoni nyeusi na kukazwa kamba kuanzia usukani hadi tairi la nyuma, kama maiti anayesubiri kuzikwa. Mwenyewe huona amefanya wema. Napenda kumwambia mwenye wema huo kwamba ameiua kwa mikono yake, kwani ndivyo nilivyofanya mimi.

Ilikuwa masika ya mwaka 1998 kuingia 1999. Nilikuwa bwana shamba, na nilikuwa na pikipiki ya kazi iliyokuwa bado na nguvu zake. Mwezi wa Desemba niliileta ikiwa na matope na vumbi la salfa tuliyopulizia mikorosho, nikaifunika vilevile bila kuiosha. Tenki lilikuwa nusu. Betri niliiacha mahali pake. Nilikaza kamba vizuri, nikaenda zangu kulima.

Nilipoifungua mwezi wa Mei, harufu iliyotoka ilikuwa ya pango. Rimu zilikuwa nyekundu kwa kutu, spoki zilikatika nilipozigusa. Panya walikuwa wamezaa ndani ya chujio la hewa na kutafuna nyaya za taa. Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi. Niliponyonya tenki kwa mpira, kilichotangulia kutoka chini kilikuwa maji yenye rangi ya chai. Lakini tone la mvua halikuwa limeigusa! Nailoni haikuwa na tundu hata moja.

Basi maji yalitoka wapi? Yalitoka hewani na ardhini. Ardhi ya masika hupumua unyevu usiku na mchana. Nailoni iliyofika chini huukusanya unyevu huo kama kifuniko cha sufuria kinavyokusanya mvuke. Mchana jua hulichemsha lile vazi jeusi, usiku baridi hushuka, matone hujitengeneza juu ya kila chuma kilichomo ndani. Na tenki lenye nafasi huvuta hewa yenye unyevu kila usiku, nayo huacha maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, palepale mdomo wa koki ulipo, yakingoja kwenda kwenye kabureta. Na salfa niliyoiacha mwilini mwake, ikishapata unyevu, hula chuma na hupenda zaidi shaba ya nyaya.

Fundi alitaka spea ambazo zilikuwa haziko mjini. Mwezi wa Juni ukaingia, mikorosho ikaanza kutoa maua, na ubwiriunga ukaanza kazi yake. Wakulima wa korosho wanajua: ua likishapakwa ule unga mweupe halina tena habari ya kuzaa, na dawa inayochelewa ni sawa na dawa isiyokuja. Vijiji vya karibu nilivifikia kwa miguu. Vile vya upande wa mtoni sikuvifikia hadi nusu ya Agosti, na kwa baiskeli ya kuazima.

Mzee mmoja huko alinipokea kwa adabu zote, akanipa kigoda na maji. Kisha akauliza, "Bwana shamba, mwaka huu tumekukosea nini?"

Nikamwambia, "Hamjanikosea, mzee wangu. Pikipiki iliharibika kwa mvua."

Akanyamaza kidogo. Akainua mkono akanionyesha jembe lake lililochomekwa chini ya paa la nyumba, makali yake yamepakwa mafuta. "Mvua ilinyesha kwako peke yako?" akauliza. Hakusema zaidi, wala mimi sikuwa na jibu. Tulitoka tukaenda kuiangalia mikorosho yake. Maua yalikuwa yamekauka yote, meusi.

Nimeishi na swali hilo miaka mingi, na ndilo linalonifanya niandike. Watu wa bonde hili si wajinga wa kuhifadhi. Nani kati yetu hufunga mahindi mabichi ndani ya nailoni? Mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya moshi wa jiko. Ghala huinuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini. Kila bibi anajua kwamba kitu kikavu kinachopata hewa hudumu, na kitu chenye unyevu kilichofungiwa huoza. Elimu hiyo tunaiacha nyumbani tunapokabidhiwa kitu chenye injini, kana kwamba chuma cha Japani, India au China kina sheria nyingine ya kuoza.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana nimebishana nao sana.

Wa kwanza husema, "Hatuna banda, na fungu la kujenga banda halijaja." Ndugu zangu, banda gani hilo linalosubiri fungu? Nazungumzia miti minne, fito na nyasi. Ncha za miti zipakwe oili chafu ili mchwa wasizipende. Paa lishushwe upande inakotoka mvua ya upepo, pande nyingine ziachwe wazi. Chimba mfereji kuzunguka. Vijana wawili humaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Kama huna hata nyasi, chukua turubai lilelile ulilotaka kuivika pikipiki, lifunge juu ya miti mbali na chuma, liwe paa lisiwe shuka. Na usilifunge chini ya mwembe. Mvua hukatika saa sita, mwembe huendelea kudondosha mpaka jioni.

Wa pili husema, "Mimi naiwasha kila Jumapili dakika mbili ili isilale." Huyu ana moyo mzuri, lakini anaidhuru. Injini inapoungua hutoa maji pamoja na moshi. Ikizimwa kabla ya kupata moto sawasawa, maji hayo hubaki katika bomba na mengine huingia katika oili. Ama uiendeshe mpaka ipate moto kamili, ama uiache ilale kwa amani.

Wa tatu husema, "Nikijaza tenki petroli itaibiwa." Hapo sina ubishi, nimeibiwa mwenyewe. Kama mahali pako pana wezi, toa petroli yote, mimina oili kidogo ndani, litikise tenki mpaka kuta zake zote zipakike. Kama mahali pana usalama, jaza mpaka juu, hewa isipate pa kukaa. Kinachoangamiza ni ile nusu tenki yetu tuliyoizoea. Kwa vyovyote funga koki, na petroli iliyobaki katika kabureta itoe kwa skrubu ya chini. Ikiachwa humo miezi mitano huacha utomvu unaoziba matundu ambayo hata sindano haiyapiti.

Kazi iliyobaki ni ya nusu siku tu. Ioshe, uikaushe juani siku mbili. Badilisha oili kabla ya kuilaza, kwa sababu oili iliyotumika ina uchafu unaokula vyuma. Fungua plagi, tia kijiko kimoja cha oili, piga kiki mara chache, rudisha plagi. Paka cheni na kila chuma kilicho wazi, lakini mafuta yasifike kwenye breki. Toa betri, iweke ndani ya nyumba, ichajiwe kila mwezi hata kama ni kwa umeme wa jua wa jirani. Isimamishe kwa stendi kubwa juu ya ubao, tairi zisiguse udongo. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa, ukifunge na utepe mwekundu kwenye usukani usije ukasahau. Kila wiki mbili funua kiti, uwafukuze panya.

Wa nne ndiye ninayemwogopa. Huyu hasemi lolote. Huinua mabega tu: ya serikali haina mwenyewe. Yake ya nyumbani huilaza sebuleni karibu na kitanda cha watoto. Ya kazi huiacha nje, na ikifa huandika barua kuomba nyingine.

Nachingwea ingepaswa kuwa mahali pa mwisho kwa mtu kuwa na fikra hiyo. Hapa ndipo palipokuwa na sehemu moja ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Walileta mitambo kwa haraka, mingine mabaki ya Vita Kuu ya Pili, kabla ya kuijua vema mvua na udongo wa nchi. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi hapa, nayo ikaja ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Wazee wetu waliona kwa macho yao kwamba chuma kingi kisichotunzwa hakilimi hata ekari moja. Tumewacheka Waingereza wale vya kutosha. Je, mwaka 2022, Serikali ilipogawa pikipiki kwa maelfu kwa maafisa ugani nchini, ni ofisi ngapi zilizojenga banda kwanza? Nami nauliza tu, kila mmoja achungulie nyuma ya ofisi yake.

Sitaki nieleweke kwamba nawalaumu vijana pekee. Mkubwa anayesaini kupokea pikipiki, na asiulize italala wapi masika, ndiye mwenye kosa la kwanza. Ningekuwa na amri, nisingemkabidhi mtu funguo Novemba kabla sijaona nyasi juu ya miti minne. Na mwezi wa Mei ningemwambia aipige kiki mbele yangu na mbele ya wakulima wawili kutoka ng'ambo ya mto, maana hao ndio wenye pikipiki.

Yule mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Mwaka uliofuata nilimfikia mwezi wa Juni, siku za mwanzo kabisa, na salfa mgongoni mwa pikipiki. Alitoka nje aliposikia mlio. Hakunipongeza. Aliizunguka pikipiki polepole, akapitisha kidole kwenye rimu, akakitazama. Kisha akasema, "Haya, twende shambani."