Pini 1718 na bei ya mazabodi

Kwenye kipindi nilisema mazabodi za siku hizi ni ghali kwa sababu ya soketi, wenzangu wakanicheka. "Kile kiplastiki?" Halafu muda ukaisha. Sasa namalizia hapa, na hakuna wa kunikatiza.

Soketi ni mlango ambao prosesa inapitishia kila kitu: umeme wake, memori, kadi ya picha, diski. AM4 ya AMD, iliyotoka 2016, ina pini 1331. AM5 ya 2022 ina 1718. Intel nao walitoa LGA 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka uliofuata, na 1851 mwaka 2024. Hizo namba kwenye jina ndiyo hesabu yenyewe ya pini. Sasa fikiria: kila pini ya data inataka njia yake ya shaba, na pale chini zimebanana, kutoka moja hadi nyingine ni kama milimita moja au pungufu. Njia haziwezi kukatizana kwenye tabaka moja, kwa hiyo mbao inajengwa kwa matabaka. Ya bei nafuu inaweza kuwa na manne, kubwa zina sita, nane, hata zaidi. Kila tabaka linalipiwa, na anayelipa ni wewe.

Halafu kuna umeme, na hapa ndipo watu wengi hawafiki. AM4 iliiruhusu prosesa ivute hadi wati 142. AM5 inafika 230. Prosesa inatumia volti ndogo sana, tuseme 1.2, kwa hiyo wati 200 ni zaidi ya ampea 160. Birika la chai hapa Uingereza linavuta kama ampea 13! Ndiyo maana pini nyingi kwenye soketi hazibebi data kabisa, ni umeme na ardhi tu, na ndiyo maana pembeni mwa soketi kuna ule msururu wa koili na vipande vya aluminiamu vya kupoza. Ukiongeza PCIe 5, ambayo ina kasi maradufu ya PCIe 4, mbao ya kawaida inaanza kupoteza mawimbi njiani, inabidi kutumia mbao bora zaidi.

Kwa hiyo sehemu ya bei ni halali. Sibishi.

Ninachobisha ni kubadilisha soketi kila baada ya miaka miwili au mitatu halafu tuambiwe ni fizikia. Mwaka 2017 Intel walitoa prosesa za Coffee Lake zenye soketi ile ile ya 1151, ila zikakataa mazabodi za zamani. Walisema mpangilio wa pini za umeme umebadilika, na kweli baadhi ya pini zilizokuwa bure zilipewa kazi ya umeme. Lakini mafundi wa mitandaoni walichezea BIOS na baadhi ya prosesa hizo zikawaka kwenye mazabodi kuukuu. AMD nao si malaika. Mei 2020 walisema Zen 3 haitaingia kwenye B450 kwa sababu chipu ya BIOS ni ndogo. Wateja wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha ikawezekana. Yaani ilikuwa inawezekana siku zote.

Jambo la pili ni pini zenyewe. Zamani zilikuwa kwenye prosesa. Intel walizihamishia kwenye mazabodi za kompyuta za mezani mwaka 2004, AMD wakafuata na AM5. Faida ipo: zinaweza kubanwa zaidi, na prosesa haing'oki na feni yake. Lakini pini ya AM4 ikipinda unainyoosha na wembe au kadi ya benki. Hizi mpya ni vispringi vidogo kama kope. Mimi nilimtumia mtoto wa shangazi mazabodi huko Tanga, ikafika na pini tatu zimelala. Duka likasema pini zilizopinda haziingii kwenye waranti. Basi, pesa ikaisha hapo.

Kwa wale mnaotuma mizigo nyumbani, msimamo wangu ni huu: kabla hujauliza bei ya mazabodi, uliza soketi yake bado ina prosesa ngapi mbele. B450 yangu ya 2018 imepitia prosesa tatu. AMD wamesema AM5 itaendelea hadi 2027 na kuendelea, na mimi nitawashikilia kwa neno hilo. Aliyenunua LGA 1200, akitaka prosesa mpya, ananunua na mazabodi mpya. Huku ni usumbufu. Kule unaweza kuwa mshahara wa mwezi.

Mtoto wa shangazi bado ananidai. Nikienda Desemba nitaibeba mwenyewe kwenye begi la mkononi, na kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi hakitoki mpaka nifike Tanga.