Mjane akipanda mlima msimwite mzururaji

WAHENGA walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Lakini hawakutuambia kwamba hao wa mbali ndio huwa wa kwanza kuondoka. Hilo nililishuhudia nilipomzika mume wangu mwaka wa 2021. Mahema yaliposhushwa na sufuria kurudishwa kwa wenyewe, nilirejea Nairobi kwenye nyumba yenye kiti kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia.

Ndugu msomaji, huzuni haikai moyoni pekee. Huingia mwilini. Usingizi ulinitoka, chakula kikanishinda, na presha ikapanda hadi muuguzi wa zahanati ya mtaani akanipima mara mbili akidhani mashine ina kasoro.

Madaktari wanalijua jambo hili. Mwaka wa 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa uitwao takotsubo, ambapo mshtuko mkubwa, kama vile wa kufiwa, hudhoofisha misuli ya moyo ghafla. Aghalabu huwapata wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Ndiposa tusemapo fulani ameugua kwa majonzi, hayo si mafumbo matupu.

Muuguzi yule alinipa dawa, kisha akaniuliza: “Mama, wewe hutembea?” Nikamjibu kwamba hutembea hadi steji ya matatu. Akacheka kwa upole na kuniagiza nitembee nusu saa kila siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima.

Nilianzia msitu wa Karura. Kila nipitapo chini ya miti ile humkumbuka Profesa Wangari Maathai, ambaye mwezi wa Januari mwaka wa 1999 alipigwa na kujeruhiwa akiutetea usigawiwe wajenzi wa majumba. Lau si yeye na wenzake, ningelilia wapi? Maana humo nililia bila kuulizwa na mtu.

Baadaye jirani yangu akanialika Ngong. Vilima vile hupanda na kushuka kama vifundo vya ngumi, na kilele chake kina urefu wa karibu mita 2,460. Ukipanda, pumzi hukupaa. Huna nafasi ya kuwaza bili ya hospitali wala mgogoro wa shamba. Unawaza hatua inayofuata tu. Upepo uzungushao mitambo ya umeme kule juu hukausha machozi kabla hayajafika kidevuni. Huko, Nairobi ikiwa upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili, ndipo nilipoweza kulitaja jina la mume wangu bila sauti kunikatika.

Habari hazikukawia kufika nyumbani. Siku moja shemeji akanipigia simu. “Shemeji, tunasikia siku hizi unatembea.” Nawe msomaji wajua neno hilo likiambiwa mjane lina maana gani. Mwanamume akifiwa na kwenda mpirani na wenzake, husemwa anajiliwaza. Mjane akivaa raba asubuhi ya Jumamosi, huitiwa kikao.

Hapo ndipo nisipokubaliana na jamii yetu. Mila ya kumtuliza mfiwa nyumbani ilifaa wakati boma lilijaa watu wa kumtazama. Leo, katika nyumba ya kupanga orofa ya nne, kumwambia mjane atulie ndani ni kumfungia pamoja na huzuni yake. Ukitaka kumchunga, panda naye.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu shemeji, naye akaja. Kilima cha pili kilimshinda, akaketi nyasini akihema, na hapo akanisimulia kisa cha utotoni cha kaka yake ambacho sikuwa nimekisikia katika miaka yote ya ndoa. Tangu siku hiyo hajaniuliza natembea na nani.

Hata hivyo, sisemi mlima ni daktari. Katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba majonzi yanaweza kuwa maradhi, iwapo yanamzuia mtu kuendesha maisha yake kwa zaidi ya miezi sita na kupita kiasi cha mila zao. Huyo anahitaji mshauri au daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ikiwa una presha, usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea, na muulize daktari kabla ya kupanda mlima. Anza na njia tambarare. Longonot yenye mita 2,776 itakungoja. Beba maji na kofia. Usiende peke yako, na Ngong panda na kikundi pamoja na askari wa misitu.

Nawe ambaye hujafiwa, bila shaka yupo mjane au mgane unayemjua ambaye wageni wameshamwondokea. Pole umeshampa, na sukari umeshampelekea. Jumamosi hii mpigie simu, mwambie avae viatu, kisha umpitie.