Mcheke mvaa suti kwanza

Kila alfajiri hapa Usagara, Tanga, hupita kijana wa bodaboda mwenye kofia ya manyoya ya Kirusi, masikio yake yameshushwa na kufungwa kidevuni. Wanywa kahawa humzomea: "Oyaa, Siberia!" Yeye hupiga honi akaenda zake stendi ya Kange kuwahi abiria wa mabasi ya kwanza. Mimi simcheki. Katika mji huu, ni miongoni mwa wachache wanaojua kwa nini wamevaa walichovaa.

Kofia ile naijua. Miaka ya sabini nilisoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichoanzishwa 1960 na kupewa jina hilo mwaka uliofuata, muda mfupi baada ya Lumumba kuuawa. Tulipofika tulipewa fedha za nguo za baridi, na wenyeji wakatuhimiza tuanze na kichwa na miguu. Jina la kofia ile ni ushanka. Jeshi Jekundu liliivaa kuanzia 1940, baada ya vita vya Ufini kuonyesha kuwa kofia yao ya awali haiwezi baridi ile. Yangu ilikuwa ya sungura. Wenye fedha walivaa za ondatra, panya wa majini, na wezi nao walizijua: walimpokonya mtu kichwani barabarani wakatokomea.

Nilichokipenda zaidi ni adabu yake. Ukiingia jengoni unaivua, unaitumbukiza ndani ya mkono wa koti, unamkabidhi mama wa chumba cha makoti. Ndani kuna joto, manyoya ya nini? Na ukishusha masikio kwa kibaridi kidogo tu, vijana wenzako wanakuona legelege.

Sasa rudi hapa Tanga, jua la Februari. Bwana harusi kavaa suti ya vipande vitatu. Wakili anaingia Mahakama Kuu na joho jeusi, shingo imebanwa. Hata watoto wa chekechea siku ya mahafali tunawavika majoho ya nailoni, jasho linawachuruzika mpaka puani, nasi wazee tunagombea kupiga picha. Zote hizo ni nguo za nchi za baridi, na hazomewi mtu. Anazomewa anayepigwa na upepo wa pikipiki saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu kofia yake imetoka kwenye robota la mitumba.

Ninalo neno moja naye, na nimeshamwambia: manyoya hayakukingi na lami. Sheria inataka kofia ngumu, nayo haikai juu ya ushanka. "Babu, ile inanuka," akanijibu. Basi si uioshe!

Na wauza mitumba wanaozitupa kofia hizi chini ya fungu kama takataka, wazipandishe Lushoto. Gari likiiacha Mombo na kuanza kukwea kuelekea Soni, mwili wenyewe unakuambia baridi imeanza. Mwezi wa Julai, mtu anayepakia kabichi usiku kule Lukozi hatauliza kofia imetoka nchi gani.

Mjukuu wangu anamaliza chekechea Desemba. Nimemwambia mwalimu wake kwamba mtoto atakuja na kanzu ya pamba na kofia ya kushona kwa mkono, joho hatavaa. Amesema suala hilo atalipeleka kwenye kamati ya wazazi.