Kunakili na Haki ya Mtunzi

Zamani Lamu na Pate, aliyetaka kuwa na utendi nyumbani mwake hakuwa na budi kuketi na kalamu na wino aunakili ubeti kwa ubeti, au amlipe katibu amnakilie. Na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia kwa ujira hata wataalamu wa Kizungu kama Alice Werner na William Hichens. Hapana aliyemwita mwizi, wala hakuwa mwizi, maana aghalabu watunzi wa tenzi hizo walikwisha kufa zamani, na kila nakala ilikuwa ni kuiokoa ilimu na mchwa.

Urithi huo ndio unaowafanya wengi wetu waione sheria ya hakimiliki kuwa jambo la kigeni. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa sheria nayo imepata kudhulumu: Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi wimbo wa "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, alikufa fukara mwaka 1962, ilhali wimbo wake uliwatajirisha watu wa mbali walioshika makaratasi, na jamaa zake hawakupata sulhu hadi mwaka 2006.

Lakini tazama katika duka la fotokopi jirani na chuo: riwaya ya mtunzi aliye hai imekatwa mgongo, kurasa zimelazwa juu ya kioo, na kabla ya adhuhuri nakala zimekwisha kubanwa na kuuzwa; mwenye mashine amepata, muuza karatasi amepata, na aliyekesha akitunga hakupata hata senti. Dhamiri inayosema hapo kwamba ilimu haiuzwi yasema uongo, maana imekwisha kuuzwa, na aliyenyimwa bei ni mtunzi peke yake. Na wanaotafuta hifadhi katika dini wakumbuke kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilikata shauri kwamba haki za utunzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia.

Simlaumu mwanafunzi anayenakili sura moja ya kitabu kisichopatikana tena madukani, wala sioni insafu kukifungia kitabu miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kama itakavyo sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, hali hakichapwi tena na warithi hawajulikani waliko. Ila mwenye kudai kwamba dhamiri yake i juu ya sheria, dhamiri hiyo na imtume pia kumtafuta mtunzi aliye hai amlipe haki yake, maadamu simu, ambayo siku hizi nayo huleta nakala za bure, yaweza kumfikishia mtunzi fedha jioni hiyo hiyo.